Gari Lililofiwa

Papa,

Ninakuandikia nikiwa ndani ya Mugiriki, kwenye kiti chako cha dereva, vioo vimepandishwa ingawa jua linachoma. Ni Jumamosi mchana. Salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, imekwisha na watu wa Kataki wanarudi nyumbani na majembe begani. Shangazi Mwenge anaweza kupita hapa wakati wowote, ndiyo maana nimejifungia. Nimechukua karatasi za biro ninakofanya kazi, zile za nakala, lakini sikutaka kupiga mashine. Barua iliyopigwa mashine ungedhani ni ya kazi, ungeiweka chini ya kikombe cha chai.

Nikuambie mapema: siandiki kwa machozi. Machozi niliyamaliza. Nimekukasirikia, Papa. Nimekukasirikia miezi minane sasa, na nimechoka kubeba hasira hii peke yangu, maana nusu yake ni yako.

Uliponunua gari hili kwa yule Mgiriki wa samaki aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao, mimi nilikuwa darasa la tano. Pejo 404 ndefu, ile ya familia, safu tatu za viti, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Jirani walisema fundi wa vichwa vya treni hajui magari ya nyumbani, na vipuri atavitoa wapi, Ulaya? Ulicheka tu. Uliliita gari kwa jina la mwenyewe wa kwanza, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa inasema Mugiriki amekohoa, Mugiriki ana kiu, kama vile tumepata mgeni aliyekataa kuondoka. Akina mama wangapi wa Kataki uliwapeleka kujifungua katika viti hivi vya nyuma. Mimi nilikuwa naosha viti, kwa hiyo najua.

Vipuri ulivitengeneza mwenyewe. Bomba la moshi lilitoka kwenye boti iliyokufa pale bandarini. Mpira wa chini ya injini ulikatwa kwenye gurudumu la lori. Na waya, Papa. Waya za ndani zilipooza, ukazing'oa zote siku moja, ukaweka waya wa simu kutoka roli moja tuliyoipata kwenye stoo ya zamani. Zote nyeusi. Gari zima, kutoka taa za mbele mpaka za nyuma, waya nyeusi tupu. Nilikuuliza tutazijuaje, ukatoa uzi wa nyavu mfukoni ukaanza kufunga mafundo. Fundo moja, taa. Mafundo mawili, honi. Matatu, starta. Na lile fundo la wavuvi, alilokufundisha mama yako, ulilifunga kwenye waya wa cheche peke yake, ukasema huyu akikatika Mugiriki hana roho. Hukuandika popote. Ulisema iko mu kichwa, inatosha. Mu kichwa cha nani, Papa? Cha kwako kiko chini ya udongo. Kimebaki changu.

Nakumbuka pia mwiko. Sina namna ya kuusahau, kwa sababu Mama hajanunua mwingine. Ulikuwa unachukua mwiko wake wa kusongea bukari, unaweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni mwangu, unaniuliza, "Unasikia nini?" Nikijibu nasikia kelele, unasema kelele haina jina, tafuta jina. Baadaye nikawa naweza kusema huyu ni bomba la maji, huyu ni mnyororo, huyu vali ya tatu imelegea. Bukari ilinuka oili wiki nzima na Mama alisema ameolewa na gereji. Ulinifundisha mimi, mtoto mwanamke, mbele ya watu waliocheka, na kwa hilo nakushukuru mpaka leo. Sitasema tofauti hata nikiwa na hasira.

Lakini mambo yenyewe ni haya.

Ulijua desturi yetu kuliko mimi. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba akifa, vitu vyake na jina lake vinakwenda kwa mwana wa dada yake. Kwako, dada ni Shangazi Mwenge na mwana ni Kabwe wa Moba, anayeuza unga wa mahindi na hajui kutofautisha radiateri na tangi. Njia ya kuipindisha desturi ilikuwa moja tu: mwenye mali afungue kinywa akiwa hai, mbele ya dada yake, aseme kitu hiki nimempa fulani. Basi. Sentensi moja. Shangazi ni mkali lakini hawezi kuvunja neno la kaka yake, hilo kila mtu anajua.

Nilikuomba mara ya kwanza uliponiambia tuko chini ya gari, oili inatudondokea, kwamba Mugiriki ni wangu. Nilisema mwambie Shangazi. Ulijibu, "Kesho nitasema." Nilikuomba Pasaka, Shangazi amekaa pale pale anakula samaki. Ukaniangalia kwa jicho la kesho. Nilikuomba mara ya mwisho hospitali, tumbo limeshakula nguvu zako zote. Shangazi alikuwa nje ya mlango, anakunja kitenge chake, hatua nne tu. Ulinishika mkono ukasema, "Mauwa, usiache Mugiriki akufe." Nikasema sawa, Papa, lakini mwite Shangazi useme. Ukafumba macho. "Kesho nitasema."

Wewe uliyeweza kusikia vali iliyolegea kupitia kipande cha mti, ulishindwaje kusikia kwamba kesho imekwisha?

Basi ukafa, tukalia, tukakuzika. Watu walijaa uani, moto ukawashwa, na Shangazi akahamia kwetu kusimamia kilio kama inavyotakiwa. Siku ya tatu akazunguka nyumba akikusanya vitu vyako: kofia, redio, viatu, abakosi, lile koti lako la kijivu la sherehe. Vyote vikafungiwa sandukuni. Halafu akafika kwa Mugiriki. Alilitazama kwa muda mrefu, akaomba kitambaa cheusi, akakichana vipande viwili. Kimoja akafunga kwenye usukani, kingine kwenye kioo cha pembeni. Akawageukia watu. "Hii motokari njo ilikuwa miguu ya ndugu yangu. Iko mu kilio sawa siye bote. Haiogi, haisemi, haitoki. Muntu asiiguse mpaka kilio kiishe."

Watu wakaitika. Wengine walilia upya, kwa sababu kweli ilipendeza kuona gari nalo limefiwa. Mimi nilisimama mlangoni natafuta maneno. Wewe ndiye uliyesema maisha yako yote, "Motokari haikufake na kutembea, inakufaka na kukaa." Nilitaka kulisema. Lakini mwanamke aliyefiwa siku ya tatu akianza habari ya oili na batri, watamwonaje? Watasema anataka mali. Nikanyamaza. Unaona, na mimi nilinyamaza. Ugonjwa huu tunao wote.

Nilidhani itakuwa siku arobaini. Lakini kilio hakiondolewi mpaka mrithi afike, na ikawa Kabwe anavuna. Halafu Kabwe anapiga mahindi. Halafu boti ya Moba imeharibika. Miezi saba, Papa. Miezi saba Mugiriki amesimama chini ya mvua za hapa, na hewa ya ziwa unaijua inavyokula chuma. Wiki ya pili matairi yalianza kukaa kitako. Mwezi wa kwanza haujaisha, nyigu wakajenga ndani ya bomba la moshi. Panya wakazaa chini ya kiti cha tatu. Kila nikirudi kutoka biro napita karibu naye na ninasikia ukimya, na ukimya huo nilijua jina lake. Ni pistoni nne zinashikana na ukuta, taratibu, kwa kutu. Zikishashikana, hakuna fundi wa mji huu wa Kalemie atakayezitoa bila kuvunja.

Nikawa mwizi kwetu.

Shangazi alikuwa anakwenda misa ya kwanza kila Jumapili. Mimi nikasema misa ya pili inanifaa. Akishapita kona, nachukua manivela chini ya kitanda changu, ile fimbo ya chuma iliyopinda, unayoingiza chini ya bampa ya mbele na kuzungusha injini kwa mkono. Siku ya kwanza nilifungua waya wa batri, isiishe pumzi yote. Nikafungua buji nne, zile plagi za cheche, nikatia kila tundu kijiko kimoja cha oili, nikazifunga. Halafu nikazungusha. Siyo kuwasha, Papa. Kuzungusha tu, mara ishirini, pole pole, bila moto, bila sauti zaidi ya ile ya mtu mzee anayevuta kamasi. Nilijiambia gari halijasema, halijaoga, halijatoka. Limejinyoosha tu. Hata mfiwa anaruhusiwa kunyoosha miguu.

Lakini nilijua nimevunja kilio cha baba yangu mwenyewe, na kama baya lingempata mtu yeyote katika nyumba ile, mtoto kuumwa, Mama kuanguka, wangesema mkono wa nani uligusa. Na nilijua kitu kingine kilichonichoma zaidi. Nilikuwa namtunzia Kabwe. Kila tone la oili, kila Jumapili, nilikuwa namwandalia mtu mwingine gari zima. Ningeikunja tu mikono yangu, kutu ingefanya kazi, Kabwe angepewa mzigo wa chuma na mimi ningekaa nimetulia bila kosa. Niliwaza hivyo zaidi ya mara moja, manivela mkononi. Halafu nazungusha. Wewe na maneno yako ya kitandani.

Mama alijua. Hakusema neno, mjane katika kilio hasemi hovyo, lakini kila Jumapili nikimaliza nakuta beseni la maji mlangoni, na majivu, na kipande cha sabuni. Nanawa, navaa, nakwenda misa ya pili. Direkta wa biro aliniuliza mara moja kwa nini barua za serikali zina alama ya dole gumba jeusi. Nilimwambia ni wino.

Kabwe akafika mwezi uliopita, na kilio kikaondolewa. Ningependa kukuambia kilikuwa kibaya, lakini kilikuwa kizuri. Pombe ilitosha, watu walicheza, tulinyolewa, tulioga. Wakamkalisha Kabwe kwenye mkeka, wakamvika abakosi yako, mikono imempita vidole, wakampa jina lako. Tangu siku hiyo yeye ni Mulonda. Na kwa kuwa yeye ni Mulonda, mimi nilipiga magoti nikamwita Papa. Nimemzidi miaka minne. Nilimfundisha kupanda baiskeli uani hapa hapa, akaanguka kwenye mapipa ya mvua. Naye akaniita mwanangu, anaangalia chini kwa aibu, maskini.

Halafu Shangazi akakata vitambaa vyeusi, akampa ufunguo. Wazee wanangoja kupelekwa makaburini. Kabwe akaingia, akageuza. Kimya. Waya wa batri nilikuwa nimeurudisha usiku uliotangulia, lakini batri ilikuwa na pumzi kidogo, haikuweza kuzungusha starta. Watu wakaanza kunong'ona. Nikaenda chumbani, nikarudi na manivela mbele ya macho ya wote, nikasema niliikuta kwenye vitu vya zamani. Nikavuta mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu Mugiriki akakohoa, akatema nyigu na moshi mweusi, akasimama kwenye sauti yake. Ile ile, Papa. Hata vali ya tatu.

Wanawake wakapiga vigelegele. Nililia, ndiyo, hapo nililia. Na Shangazi Mwenge akainua mikono juu na kusema, "Mumeona? Ilikuwa inangojea kilio kiishe. Tungeigusa mbele ya siku yake, ingekufa."

Watu wakaitika tena.

Nilisimama na ile fimbo mkononi, mikono inauma. Kazi ya miezi saba imekuwa ushahidi wa yule aliyeizuia. Nikisema ukweli nimevunja kilio. Nikinyamaza, mwenye hekima ni yeye. Kabwe akawapakia wazee, akawapeleka makaburini na gia ya kwanza njia nzima. Kesho yake akafunga magunia yake juu ya paa na akaanza safari ya Moba. Nilimpa manivela kupitia dirishani. Sikumwambia habari za mafundo. Hiyo ilikuwa dhambi yangu, nakuungamia.

Hakufika mbali. Siku ile ile, jua halijageuka, nikamwona anakuja kwa miguu, abakosi begani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mugiriki amezimika kule Katanika. Palikuwa na fundi njiani, mtu mwenye sifa nzuri. Akafungua boneti, akaona zile waya nyeusi zote na nyuzi zako zimefungwa mafundo kila mahali, zimelowa oili, nyingine mbili mbili, nyingine tatu. Akafunga boneti pole pole akafuta mikono. Akamwambia Kabwe, "Motokari ya marehemu, tena imefungwa. Mimi niko na batoto. Umuite ule alifunga." Watu waliokuwa wamezunguka wakarudi nyuma. Hata muuza muhogo akahamisha muhogo wake.

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu ufe. Fundi mzima wa reli, mtu wa vipimo, leo umekuwa mchawi kwa uzi wa nyavu.

Tukaenda Katanika kwa miguu, mimi na Papa yangu mpya, mfuko wa spana umening'inia kati yetu. Njiani akaanza kunikwepa macho. Nikajua kuna kitu. Tulipopita mto mdogo akakisema.

"Mauwa, Mujomba aliniambiaka. Mwaka ulipita, alikuja Moba kuona kaburi ya mama yake. Alisema: motokari ni ya Mauwa, nimemupa. Wewe utachukua jina, jina ni kubwa, litakutosha. Nikasema ndiyo, Mujomba. Akasema sasa nisaidie kumuambia mama yako. Nikasema wewe njo mukubwa, sema wewe. Akasema kesho."

Nilisimama katikati ya njia. Nikamuuliza, na siku ya kilio, ulipopewa ufunguo? Akasema aliniangalia, alingoja mimi niseme. Anamwogopa mama yake tangu utotoni.

Papa. Ulisafiri mpaka Moba kumwambia kijana. Ulipanda boti. Siku mbili kwenye maji kumwambia mtu asiye na uwezo wa kufanya lolote, na dada yako anakaa hapa, ukipiga chafya anaitika. Na yule uliyemwambia akameza. Na mimi nikameza. Na Mama aliyekuwa ananiwekea sabuni akameza. Watu wanne, wewe ukiwemo, tunajua jambo moja, na mmoja asiyejua ndiye anayeamua.

Waya uliokatika ulikuwa ule wa fundo la wavuvi. Barabara ilikuwa imeutikisa mpaka ukaachia. Niliuunganisha, nikafunga fundo jipya juu yake, watu wa Katanika wanatazama toka mbali kama wanatazama nyoka. Nikamwambia Papa Mulonda mpya ashike manivela azungushe mwenyewe. Akazungusha. Ikamrudi ikampiga kwenye kiwiko, kwa sababu alishika kwa dole gumba kama unavyokataza. Mara ya pili ikawaka.

Nilidhani sasa atarudi nami kwa mama yake, tuseme. Lakini unajua alisema nini? "Chukua motokari, ni yako. Mimi nitapanda boti. Mama akiuliza, umuambie bado unatengeneza."

Nikakubali. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimeshika usukani, nilikuwa nataka tu kufika nyumbani. Kabwe akaondoka na boti. Nikaingiza Mugiriki uani na nikazima.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita, na tangu hapo sijamwasha.

Elewa vizuri, Papa, hapa ndipo ninapokereka mpaka meno yananiuma. Gari ni zima. Halina ugonjwa wowote. Lakini nikiliwasha Shangazi atalisikia, nyumba yake ni ya tatu kutoka hapa, na atauliza kwa nini lisiende Moba. Kwa hiyo limekaa. Matairi yameanza tena kukaa kitako. Jumapili iliyopita, Shangazi alipopita kona kwenda misa, nilijikuta nimetoa manivela chini ya kitanda, nimeinama mbele ya bampa, nazungusha. Mara ishirini, bila moto. Na beseni lilikuwa mlangoni. Kilio kimeondolewa, vitambaa vimekatwa, na bado gari lako liko katika kilio, safari hii hakuna aliyelifunga ila mimi.

Na kila siku Shangazi anapita. "Bado?" Nasema, "Bado, Shangazi." "Nini inasumbua?" Nasema kabureta. Kesho yake nasema radiateri. Nimeshalitajia gari hili magonjwa yote ninayoyajua. Jana alisimama hapa, mkono juu ya boneti, akatikisa kichwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa huruma, na ndiyo iliyoniua.

"Labda ndugu yangu hakukufundisha vizuri. Alikuwa mugonjwa, hakumaliza."

Nilimtazama mpaka akaingia kwake. Vitu vyote nilivumilia. Nilivumilia sifa ya miezi saba kuchukuliwa na kitambaa cheusi. Nilivumilia kupiga magoti kwa Kabwe. Lakini kusikia kwamba hukunifundisha, na kujua kwamba mimi ndiye niliyemfanya aamini hivyo kwa kinywa changu mwenyewe, bado, bado, bado. Ningekufa leo, watu wangesema mikono ya Mulonda haikuacha mtu. Kwa ajili ya uwongo ambao hata sikuutunga.

Kwa hiyo nimeamua, na nimekaa humu kukuambia wewe wa kwanza, kwa kuwa wewe ndiye uliyetakiwa kufanya.

Kesho sitatoa manivela. Batri nimeshaichaji kwa mwalimu wa shule ya misheni. Nitavaa kitenge changu cha bluu, nitamkalisha Mama mbele, nitageuza ufunguo na kuacha Mugiriki apige kelele yake yote mbele ya nyumba zote za Kataki. Nitakwenda misa ya kwanza. Shangazi akitoka kanisani atamkuta amesimama mlangoni anaunguruma. Nami nitashuka, nitapiga goti kama inavyofaa, na nitasema kwamba niliuvunja ule mwiko aliotuwekea, niligusa kila Jumapili ya kilio, na kwamba ndiyo sababu gari liliwaka. Nitasema ulinipa, ukaogopa. Nitasema Kabwe anajua, anaogopa. Nitasema mimi pia niliogopa.

Akikasirika, akasema nimechafua kilio cha ndugu yake, ana haki. Akisema gari liende Moba, nitamkabidhi ufunguo pale pale kanisani, na nitakwenda kwa Kabwe, nikae naye mpaka ajue kila fundo kwa kidole, hata akifumba macho. Nimefikiria hilo wiki nzima na linaniuma kifuani, lakini nafuu gari liondoke likitembea kuliko kubaki kwangu likioza kimya. Na akisema libaki, basi litabaki, na litakwenda kila siku, na nitamtafuta mtoto wa mtu yeyote, wa ukoo wowote, nimwekee mwiko sikioni.

Sitakwambia lala salama. Utalala siku maneno yako yatakapokwisha kusemwa, na hayo nayamaliza mimi. Barua hii nitaiacha hapa, ndani ya kisanduku cha mbele, pamoja na uzi wako wa nyavu uliobaki. Mama anaita, bukari iko tayari, na ninasikia harufu ya oili mpaka huku.

Nakupenda, Papa. Ulikuwa fundi mkubwa na mwoga mkubwa, na mimi nimerithi vyote viwili. Cha kwanza nitakitunza. Kuhusu cha pili, wewe ulikuwa unasema kesho nitasema. Na mimi nasema hivyo hivyo, kesho nitasema. Ila kesho yangu ina saa: saa mbili asubuhi, misa ikitoka, injini ikiwa inawaka.

Mwanao,
Mauwa